Neno la Turki Barazani

Turki ndiye aliyelitia lile neno gazetini, na mtaa mzima wa Mkunazini ulijua. Kazi yake ilikuwa kutafsiri habari za vita vya Vietnam. Wenzake waliandika kwamba majeshi yamerudi nyuma kwa mpango. Mpango gani! Watu wamekimbia! Yeye akaandika: wamekula kona. Basi tena, neno la vijana wa mpirani kuingia gazetini! Barazani, chini ya dirisha lake, Machano seremala aliwasomea wenzake kila alasiri, na akifika hapo watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Ikawa mtu akikosa kazini, kala kona. Paka akifukuzwa jikoni, kala kona.

Juu dirishani mkewe, Bahiya, akisikiliza na kutabasamu.

Mwaka wa sitini na nane Turki mwenyewe akatoroka kwa mashua, hakumuaga mtu ila mkewe. "Ntakuita," alimwambia. Hakumwita. Miezi ikapita, hata salamu hakuna.

Bahiya akawaambia majirani kuwa Turki yuko Pemba, mamake mgonjwa. Siku zile nyumba ya aliyetoroka nchi iliogopwa, nani angekanyaga mlango wake? Lakini haikuwa hofu tu. Maadamu mtaa ulisema Turki yuko Pemba, palikuwa na mtu wa kurudi. Kila aliyemuuliza, "Bi Bahiya, mgonjwa hajambo?" alimpa siku nyengine ya kuwa mke wa mtu.

Na waliuliza, maskini. Mwanapili, jirani yake, aliuliza kila asubuhi, hata akaleta samli apelekewe mgonjwa. Bahiya akaificha uvunguni. Angeila vipi?

Aliyeshika nafasi ya Turki gazetini hakuliacha neno, wasomaji walilitaka. Asubuhi moja Bahiya alilinunua gazeti, akaanza na ukurasa wa vita. Siku hiyo neno limeandikwa waziwazi: Wamarekani wamekula kona, kambi wameiacha. Alasiri akakaa dirishani kungoja kicheko. Nyumba ilikuwa kimya mno, na kicheko cha barazani ndicho kilichobaki kumtembelea.

Machano akasoma. "Wamarekani..." Akakohoa. "Wamerudi nyuma, kambi wameiacha."

Hakucheka mtu. Hakuna aliyemwambia kakosea. Hata Mkubwa, muuza kahawa, aliyezoea kulipaza neno hilo kabla halijasomwa, aliinamia vikombe vyake.

Bahiya akalifungua tena gazeti lake, neno lipo. Kumbe wanajua kuwa Turki kala kona! Wote! Na Mwanapili na samli yake, anajua. Tangu lini wanamsitiri hivi? Iliuma kuliko kusengenywa. Angeweza kufunga dirisha, Pemba ikabaki Pemba. Lakini kudanganya watu wanaojua, peke yake humo ndani, mpaka lini? Akatoa kichwa.

"Machano!"

"Naam, Bi Bahiya." Hakuinua macho.

"Umeliruka neno."

"Nimeona leo tuliache, Bi."

"Lisome. Mwenyewe alipenda lisomwe kwa sauti."

Machano akalisoma, kwa shida. Akacheka Bahiya, yeye tu, kicheko kirefu ambacho mwisho wake hakikuwa kicheko tena, na wale wanaume wakaondoka mmoja mmoja bila ya kumaliza kahawa.

Asubuhi yake Mwanapili alibisha hodi, akamwamkia vizuri, akamletea na mkate wa kumimina. Walikaa pamoja, wakazungumza hili na lile. Habari za mgonjwa hakuuliza.