Harithi Alipobebwa Akiwa Hai

Sasa huyu Harithi, mwimbaji wa Ruangwa, mwaka jana alitoa wimbo wa kuumiza kweli. Anaimba dunia imemchosha, achimbiwe kaburi kwenye mikorosho ya babu yake. Kwao Kiegei walipousikia kwenye simu, kukawa hakukaliki. Mjomba wake Ramadhan akasema kijana kapandwa na shetani. Mayunga, yule Msukuma mfugaji aliyehamia juzijuzi, akasema kwao mtu akiimba vile ujue kaibiwa ng'ombe. Na Harithi hana hata mbuzi! Wakapanda gari ukoo mzima, wakamkuta Ruangwa anakula kuku, kanenepa.

"Mjomba, watu wanapenda kulizwa," akawaambia. "Nikiimba shangwe nani atanipiga redioni?"

Wakamsaidia kumaliza kuku, wakarudi wanacheka. Tangu siku hiyo, lolote alilosema Harithi likawa wimbo tu.

Ukoo ule una mtani wao, mama mmoja anaitwa Dionisia. Na mtani wa huku, kwa asiyejua, ndiye anakutukana msibani kwako na wewe unacheka. Anaweza kuvaa nguo za marehemu akatembea kama yeye, hakuna wa kumkasirikia. Dionisia kazi hiyo aliiweza mpaka watu wakawa wanamngoja yeye kuliko wanavyongoja chakula.

Basi ikaja siku ya kuwatoa wari pale Kiegei, watoto wanatoka jandoni, Harithi kaitwa kutumbuiza. Safari hii ana wimbo wa furaha, watu wanaruka, vumbi tupu. Dionisia aliona shati linamning'inia kijana, akajisemea ni mitindo, vijana siku hizi wanavaa hata magunia. Wimbo ukaisha. Harithi akabaki kashika kipaza sauti.

"Jamani, mimi silali. Kichwa kinaniambia nife. Nisaidieni."

Vigelegele! "Huo utakuwa mkali kuliko ule wa kwanza!"

Dionisia akaona zamu yake imefika. Akatandika mkeka katikati ya uwanja. "Unataka kufa? Kufa basi, tule ubwabwa!" Akamlaza, akamfunika khanga, akaingiza kichwa humo ndani amlilie kilio cha uongo. Akakuta uso umelowa.

"Mtani," Harithi akanong'ona, "siimbi."

Dionisia akapiga hesabu haraka. Akisema ukweli pale, mbele ya wari na wakwe, ataanza Ramadhan na shetani wake, kitafuata kikao cha ukoo, na kijana kwa aibu atasema alikuwa anatania, arudi Ruangwa peke yake. Akatoa kichwa, akapiga yowe.

"Marehemu kasema hazikwi mpaka daktari athibitishe! Nyie mmezoea kuzika ovyo! Leteni kirikuu ile iliyobeba spika, twende hospitali Nachingwea!"

Watu wakavunjika mbavu. Ramadhan mwenyewe ndiye aliyeshika miguu. Wakampakia, pikipiki nyuma honi mtindo mmoja, ngoma juu. Njia nzima, chini ya khanga, Dionisia kamshika mkono hamwachii.

Nesi akatoka, akaona mkeka.

"Mgonjwa nani hapa?"

"Huyu," akasema Dionisia.

"Anasumbuliwa na nini?"

"Amekufa, sista!" Ramadhan akadakia, na watu wakaanguka kwa kicheko.

Harithi akajifunua mwenyewe, akakaa. "Silali, dada. Naogopa nitajiua."

Nesi hakucheka. Akamshika bega, akaingia naye ndani, mlango ukafungwa.

Nje wakapiga ngoma, wakapiga, mikono ikachoka. Ramadhan akamgeukia Dionisia. "Mtani, si tumalize sasa? Mbona hatoki?"

"Leo hatoki."

"Acha utani."

"Sitanii, Ramadhan. Mtoto anaumwa."

Ramadhan akacheka mpaka akashika ukuta. Dionisia akakaa kwenye benchi, machozi yanamtiririka, na Ramadhan akawaita wenzake waje waone: tangu azaliwe hajapata kuona mtani anayejua kulia namna ile.