Mafuta Mepesi ya Shifaa

Sufuria ndogo ilielea ndani ya kubwa, maji yakitokota chini yake, na Spesioza alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa akiangalia nta ya nyuki ikiyeyuka. Siku hizi nta aliipata kwa taabu. Walanguzi waliisomba yote hukohuko porini, na ile iliyofika soko la Isevya ilikuwa na bei ya kukatisha tamaa. Lakini asubuhi hiyo hakulalamikia bei. Alikuwa akimfikiria Shifaa.

Tangu alipohamia mjini kutoka Ulyankulu, Spesioza alikuwa peke yake pale sokoni kwa mafuta ya kupaka ya kutengeneza nyumbani. Nta na ufuta, mazito, ya kuziba nyufa za visigino. Kisha Shifaa, binti wa ukoo wa Waarabu wa Tabora, akaweka meza mbele yake. Mafuta yake yalikuwa mepesi kama povu la maziwa. Ukiyapaka yanazama, vumbi halikushiki. Wateja wakahama mmoja mmoja. Hata Jeska, wifi yake, alianza kununua kule, na alipoulizwa akajibu, "Wifi, yako yananing'arisha kama andazi."

Neno hilo Spesioza hakulisahau.

Ndiyo maana leo alipunguza nta nusu, akaongeza ufuta, na mchanganyiko ulipoanza kupoa akaupiga kwa mchapo wa mayai mpaka bega likauma. Ukageuka mweupe, ukaumuka. Akaugusa kwa kidole. "Leo tutaonana," alisema.

Kule sokoni jua la Oktoba halikumpa nafasi. Kabla ya adhuhuri povu lilikuwa limekufa, makopo yamejaa mafuta matupu. Mwanamke mmoja aliinamisha kopo, mafuta yakammwagikia kwenye khanga. Alilirudisha bila neno, akavuka kwenda kwa Shifaa. Spesioza alimtazama hadi alipotoa pochi.

Hapo akatokea Luhende, bwana afya wa kata, na mgambo nyuma yake. Alisimama kwanza kwa Spesioza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Tunasaka mafuta ya kuchubua ngozi. Huyu wa mbele yako unamwonaje?"

Spesioza alijua vizuri kwamba hayana dawa. Yeye na Shifaa walinunua nta kwa mtu mmoja.

"Mimi sisemi kitu, bwana afya. Ila nta haiwezi kuwa nyepesi vile. Na wanaoyapaka wanatakata upesi mno."

Hayo yalitosha. Walivuka, na mgambo akakumba makopo yote ya Shifaa ndani ya kiroba.

"Hayana dawa," alisema Shifaa. "Yapimeni."

"Yatapimwa. Majibu yakija utaitwa."

"Lini?"

"Utaitwa." Luhende alichota kidogo, akajipaka mikono hadi viwikoni. Yalizama palepale, bila kung'aa, na hata wakati huo wivu ulimchoma Spesioza: anafanyaje huyu?

"Na ya huyu mama?" Luhende alimuuliza Shifaa. "Yana nini?"

"Nta na ufuta. Mama yangu hupaka miguuni. Hayana neno."

Walipoondoka, Shifaa alikunja kitambaa cha meza, akavuka kwa Spesioza. Macho yalikuwa mekundu, sauti ya kawaida.

"Mama Aleksi, nimeona yako yameyeyuka. Nta usiipunguze sana, ndiyo inayoshika. Tia maji ya waridi, lakini yawe na joto sawa na mafuta. Mimina kidogokidogo huku unapiga. Moto na baridi havishikani."

"Mbona unaniambia?"

"Sasa mimi nitauza nini?"

Spesioza alifunika makopo yake, akaomba jirani amwangalizie, akashika njia ya ofisi ya kata.

Aliukuta mlango wazi. Kiroba kilikuwa juu ya meza, kimefunguliwa, na karani mmoja alikuwa akimpakulia mwenzake kwenye kikopo cha plastiki. Luhende alikuwa ameketi, amevua viatu.

"Bwana afya," alisema Spesioza, "yale mafuta hayana dawa. Nilisema kwa wivu tu. Mrudishieni yule binti."

Karani aliendelea kupakua.

"Tunajua, mama," alisema Luhende kwa upole, akijipaka kisigino. "Nenda kauze yako."