Diski Isiyopumua

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya bei ya chini tangu ilipokuwa mpya, na sasa ilikuwa na miaka tisa. Mwenye nayo, mwanamke aliyechora ramani za nyumba, aliiwasha kila asubuhi, akatandika kitanda, akachemsha chai, akarudi na kuikuta bado inajikunakuna. Akifungua ramani, kuta zilijitokeza moja moja, kama watu wanaoamka siku ya mapumziko.

Mama mkubwa wake, ambaye macho yake yalizima miaka mitatu nyuma, hakuona ubaya wowote. Alikaa kwenye kiti chake dirishani, akisikiliza mvumo wa diski.

"Umefika wapi, mwanangu?"

"Sebuleni. Mlango uko kushoto kwako."

"Nimeshaingia. Pana upepo mzuri."

Hivyo ndivyo alivyoishi katika nyumba zaidi ya mia za watu asiowajua, akikagua majiko yao, akijilaza mchana kwenye vyumba vyao vya wageni, wala hakuna aliyewahi kumfukuza.

Yeye ndiye aliyesikia kwanza. "Kompyuta yako inagonga. Kama mtu anayepiga hodi halafu anaogopa kufunguliwa."

Mchoraji alitega sikio, hakusikia kitu. Lakini mama mkubwa akishikilia neno hang'oki, basi siku ya pili wakaibeba kompyuta, wakaongozana hadi kwa fundi, chini ya ngazi za jengo moja la ofisi, penye meza, taa ya kuinama na vikopo vya skrubu. Fundi akaelezwa nani aliyesikia hodi hiyo, akaipima diski, akatazama kioo cha kompyuta, kisha akamtazama mama mkubwa.

"Mama, ufundi huu umesomea wapi? Diski inakufa kweli. Ikifika mwezi ni bahati."

Akahamisha kwanza ramani zote mahali salama. Halafu akaweka vitu viwili mezani.

"Bei zinakaribiana. Hii inazunguka kama ile ya zamani, na ina nafasi mara nne ya mwenzake. Hii nyingine ni SSD. Ndogo, haina kinachozunguka ndani, lakini kompyuta itawaka kabla hujakaa vizuri."

"Ramani zangu ni nzito."

"Za zamani weka kwenye diski ya nje. Mashine yako inachelewa kwa sababu ya diski. Ukiipa nafasi bila mwendo, umempa kobe uwanja mkubwa zaidi."

Mama mkubwa akaomba azisikie. Fundi akaichomeka ya kwanza kwa waya, akaisogeza sikioni pake.

"Huyu ana pumzi nzuri."

Ikaja SSD. Alisikiliza kwa muda mrefu, kichwa kimeinama. "Huyu hapumui kabisa."

"Ndivyo alivyo, mama."

Mchoraji alizishika zote mbili, moja kila mkono. Aliuwaza ule mvumo uliojaa chumbani mwao miaka yote. Aliwawaza pia wateja wawili waliochoka kumsubiri wakaenda kwingine.

"Acha kunitazama," alisema mama mkubwa. "Kazi ni yako. Chagua."

Akachagua SSD.

Asubuhi iliyofuata ramani ilifunguka yote kwa mpigo, kuta, milango na ngazi. Mchoraji akazama kazini, na saa nzima ikayeyuka.

"Kuna mtu?"

Mchoraji akageuka. Mama mkubwa alikuwa amekaa wima, mikono imeng'ang'ania kiti.

"Nilidhani umetoka," alisema. "Nilidhani nimeachwa peke yangu katika nyumba ambayo haijajengwa."

Mchoraji alitaka kumwambia pole, akajikuta anasema jingine. "Kazi ya leo imeisha, mama, na hata saa nne haijafika. Tuchore nyumba yenu. Ile mliyokulia wewe na marehemu mama."

Mama mkubwa akasimama, akaanza kutembea chumbani kisigino kwa kidole, kama mtoto anayepima uwanja wa mchezo. Nyayo ishirini, sebule. Kumi na tano, chumba cha wazazi. Mchoraji alichora, na kuta zikamfuata mzee papo hapo, hazikumsubirisha hata kidogo. Mwanga wa jua ulishuka ukutani, ukatambaa sakafuni, ukafika miguuni pao.

Mwishoni vipimo vilikataa. Kati ya jiko na stoo palibaki mwanya mrefu, mwembamba, usio na kazi.

"Hapa tumekosea," alisema mchoraji.

Mama mkubwa alicheka hadi akashika mbavu. "Hatujakosea! Waashi waliacha uwazi kati ya kuta mbili. Tukiitwa kuosha vyombo, mimi na mama yako tulijibanza humo. Yeye alitangulia, maana alikuwa mwembamba. Tunashikana mikono, tunazibana midomo."

"Mama hakuwahi kuniambia."

"Tuliapishana. Hebu nionyeshe ulipo."

Mchoraji aliushika mkono wake, akauweka kwenye kioo, kidole juu ya ule mwanya. Mzee akafumba macho, akavuta tumbo ndani, akajisogeza kando kuacha nafasi.

"Ingia basi," alinong'ona. "Wanakuja."

Mchoraji naye akaziba mdomo.