Ukirudi Duniani, Unijibu

…na sasa imekwenda wapi, si ilikuwa hapa hapa, imejaa kioo kizima cha kompyuta, buluu na mawingu yake meupe kama pamba iliyochomoka kwenye mto, nimegeuza kigurudumu kidogo tu ikawa kama chungwa, nikasema isogee niione vizuri, nikageuza tena ikawa kama kifungo cha koti, kisha kifungo cha shati la mtoto mchanga, kisha tundu la sindano, kisha hakuna, giza, nyota zimetawanyika kote na Dunia sina, nimeipoteza, mtu mzima na akili zangu nimepoteza Dunia nzima kwa kidole kimoja, na mwenye programu yake yuko chumba cha pili anapiga pasi, namsikia, inakwenda inarudi, inakwenda inarudi, nguo gani hiyo isiyonyooka, anapiga pasi ili asije kusimama nyuma yangu, namjua, nimemzaa mimi, akitaka jambo kweli kweli hasogei karibu, anakaa mbali anatafuta kazi ya mikono… “Mama, usikatae kitu hujakiona,” ndivyo alivyoniambia asubuhi, na hakupandisha sauti, heri angepandisha, mtoto akipandisha sauti najua pa kumshika, “kaa hapa, nenda kaone mwenyewe. Ukirudi Duniani, unijibu.” Haya, nimekwenda, na kurudi sijui.

Na jibu lenyewe linatakiwa leo, kabla ofisi za chuo hazijafungwa, apige simu aseme anakuja au haji, wakisikia haji nafasi yake wanampa mwingine, na chuo kiko huko, mji wa milimani, safari ya kulala njiani, anakwenda kusomea anga, nyota, sayari, vitu ambavyo mimi hadi leo nilivijua kwa kuinua shingo tu, na kama angesema mama nakwenda hata usipotaka ningegombana naye, ningepiga kelele mtaa mzima ujue, mambo yangeisha, lakini hapana, mwanangu huyu aliyekondeana tukamwita Sindano jina likamganda hadi shuleni, yeye kaniambia, “Ukisema hapana nabaki, na sitakulaumu.” Ndilo neno lililoninyima usingizi hilo, kuliko yote, afadhali angenilaumu… Nyuma yangu wifi anaongea, hajanyamaza tangu aingie, kakaa kwenye mlango wa duka letu la ushonaji penye mwanga, anashona vifungo vya sare kwa mkono na uzi ameuweka mdomoni, hata uzi haumzibi, anasema mtoto wa kike asome nyota, hizo nyota zimeanza lini kulipa mshahara, nasikia nusu, nusu inapita, mimi natafuta Dunia.

Tulia. Tulia, wewe mwanamke, umefumua magauni ya harusi bibi harusi amekaa pembeni na sidiria, hukutetemeka, utatetemekea kompyuta? Kompyuta yenyewe ya mitumba, niliinunua ya kuchorea maua ya mashine ya kutarizi, haikuomba kubeba sayari, ndiyo maana inahema hivi, sikiliza feni yake, imezidi mgonjwa wa pumu, Sindano kaishusha hiyo programu kwa bando la dukani, nikamuuliza inauzwaje, akasema ni ya bure, mama, kuna watu wameitengeneza wakaitoa tu, nikasema cha bure kina mwenyewe, akacheka, wiki hizi zote ndiyo mara moja aliyocheka… Akanishika mkono huu, akaniwekea juu ya kipanya, hapa bonyeza ukitaka kugeuka, hiki kirefu cha chini kwenye kibodi bonyeza ukitaka muda usimame, na hiki kigurudumu cha katikati ndicho cha kusogea, kukaribia na kuondoka, na namba ya pale juu kwenye kona ni umbali wako na Dunia, itazame hiyo, hutapotea. Itazame. Naitazama, mama yangu, naitazama, ilikuwa fupi kama namba ya nyumba sasa imerefuka haisomeki, na kila nikigeuza inaongeza tarakimu nyingine mkiani, nashindwa hata kuitamka, mwanangu kaniambia nisome umbali na mimi umbali wenyewe hauenei mdomoni mwangu.

Ngoja nigeuke. Nabonyeza, navuta, nyota zote zinazunguka pamoja, kama kitambaa cha madoadoa unapokizungusha mezani kutafuta upande wake wa nje, kumeta, kumeta, giza, Jua nadhani ni lile, limekuwa dogo kiasi hicho jamani, Jua, lile linaloniunguza mgongo kila asubuhi nikifungua duka, hapa ni nukta kati ya nukta, na sayari nyingine ziko wapi, kwenye picha ya ukutani shuleni zilikuwa zimepangwa zinakaribia kugusana, Zuhura, Dunia, Mirihi, mkono unafika, kumbe walitudanganya, au tuseme karatasi haikutosha, hakuna kitu hapa, hakuna jirani, mtu akiwa huku akaita nani atasikia… na wifi kamaliza kifungo, kakata uzi kwa meno, nasikia, na sasa hivi sauti yake imeshuka, na wifi akishusha sauti ndipo anaposema kweli.

“Damu ya kaka yangu ile,” anasema. “Ikishaonja njia hairudi. Wewe si umeona mwenyewe?”

Nimeona. Nani kaona kama mimi. Kaka yake, mume wangu, baba yake Sindano, aliondoka na lori la mizigo akasema mwezi mmoja, akapiga simu kila Ijumaa, mtoto anaishika kwa mikono miwili, kisha Ijumaa moja ikaruka, kisha akawa anapiga akikumbuka, kisha anapigiwa hapokei, kisha namba haipo, si kwamba alikufa, angekufa ningelia nikamaliza, alikuwa anapungua tu, kila mara kidogo, leo kifungo, kesho tundu la sindano, hadi siku nikajikuta natazama pale alipokuwa na hakuna mtu, baadaye tukaambiwa ana nyumba nyingine huko, watoto wengine, na wifi huyu huyu ndiye aliyekuja na godoro lake akasema kaka yangu amenitia aibu, nakaa na wewe, na akakaa, kwa hiyo siwezi kumwambia nyamaza, hana kosa, kasema kilicho tumboni mwangu, kanitolea tu. Namhofia huko anakokwenda. Siogopi watu wabaya, siogopi baridi, naogopa simu ya Ijumaa. Hilo sijamwambia Sindano, nimemwambia nani atanisaidia dukani, nimemwambia wewe mwembamba utaugua, maneno ya kijinga, anayajibu moja moja kwa adabu.

Nikisema hapana, basi. Neno dogo hilo, hata meno halihitaji. Atatikisa kichwa, atakuja kukaa kwenye cherehani ya pili, atashona vizuri kuliko mimi, ana mkono, na jioni atatoka nyuma kuinua shingo, nami nitakuwa dirishani namwona anainua shingo, kila jioni, kila jioni, na hatanilaumu, ee Mungu wangu, hatanilaumu… Haya, Dunia, rudi, rudi mama, nageuza tena, polepole, nageuza, huku cherehani ikikwama hulazimishi, unashika gurudumu unalivuta kwako taratibu hadi sindano itoke, ndivyo nilivyofundishwa, yule bibi aliyenifundisha ushonaji alikuwa na rula, ukigeuza gurudumu kwenda mbele anakupiga ya vidole, gurudumu huja kwako, anasema, ukilisukuma uzi unajikunja chini unatengeneza kiota, kazi yote ufumue, na mimi nikamfundisha Sindano vilevile, kiti chake kiliwekewa mto ili afike, livute lije kwako, mwanangu, daima lije kwako, na mkono wangu haujawahi kwenda upande mwingine maisha yangu yote, hata kwa bahati mbaya, hata kwenye mashine za watu…

Alaa.

Hebu ngoja. Kidole hiki. Kinafanya nini kidole hiki? Nakitazama kama cha mtu mwingine, kiko juu ya kigurudumu, kimejikunja, kinavuta, kinavuta kwangu, na pale juu namba inakua, nakisimamisha, namba imesimama, navuta tena kidogo, inakua, ebo, kwa hiyo ni mimi, hakuna kilichoharibika, Dunia haijakimbia popote, mimi ndiye niliyeishika nikawa naivuta kwangu kwa nguvu zangu zote na kila nikiivuta inakwenda mbali, tangu ilipokuwa kama chungwa, nimekaa hapa natoa jasho naiomba irudi na kidole changu mwenyewe kinaifukuza… Basi sukuma. Rahisi, si sukuma tu? Kidole hakitaki. Nacheka peke yangu, wifi anauliza unacheka nini, kidole kimekataa kabisa, kinangoja rula, kinangoja ule mlio wa uzi ukijikunja chini ya kitambaa, yaani mtu unajua kabisa na mwili unakwambia hapana, utaharibu kazi, na pasi chumba cha pili imesimama, kwa nini imesimama, anasikiliza, anataka kujua nimefika wapi.

“Mama? Bado uko huko?”

“Bado,” nasema, “narudi.”

Nikasukuma. Mbele, mbali na mimi, kama mtu anayemsukuma mtoto kwenye bembea, mara ya kwanza. Hakuna kitu. Giza lile lile, nyota zile zile, moyo unaniambia unaona sasa, umeharibu, lakini namba, tazama namba, imepunguza tarakimu, nasukuma, imepunguza nyingine, na kioo bado kitupu, kitupu, huu utupu ni mrefu jamani, na hapo ndipo ninapokumbuka jambo alilosema asubuhi nikaliona la kitoto, alipokuwa anabonyeza bonyeza kunitayarishia, kasema nimeifunga Dunia ikae katikati, mama, hata usipoiona ipo pale pale katikati. Katikati. Natazama katikati ya kioo, hakuna kitu, nasukuma, hakuna kitu, nasukuma, na namba inashuka, nami nasukuma kwa ajili ya kitu nisichokiona, macho yanauma, usipepese… pale. Nukta. Ni vumbi la kioo? Nafuta kwa pindo la kanga, haifutiki, ni yenyewe, ina rangi, hizo nyota nyingine zote nyeupe hii ina kibuluu, mama wee, ilikuwepo, muda wote ule nilipokuwa natukana kompyuta ilikuwepo, haikuwa imepungua hata kidogo, ni umbali tu, na umbali niliuweka mimi.

Baba yake alipungua kwa sababu alitaka kupungua. Hakuna mtu aliyemvuta wala aliyemsukuma. Hilo ni lake, na Sindano ni damu yake ndiyo, lakini pia amelelewa na mkono wangu, mkono uliomwekea mto kitini… na kama nitamshika, kama leo nitasema hapana nikamshika kwa nguvu hizi hizi, atakuwa hapa kwenye cherehani ya pili, goti kwa goti na mimi, na namba pale juu inakua. Naogopa. Bado naogopa, nisijidanganye, woga haujatoka, uko pale pale kifuani, ila sasa najua unavuta upande gani.

Tundu la sindano. Kifungo cha shati. Kifungo cha koti. Chungwa. Polepole, wewe, usije ukaigonga, imekuja kwa kasi, Mwezi umepita pembeni kama sahani, na sasa imejaa, mawingu yake, buluu yake, upande mmoja kuna usiku na taa za miji kama vumbi la dhahabu la kutarizia, natafuta huku kwetu, natafuta huko kwenye milima, naweka kidole kwenye kioo, kidole kimoja, kimefunika duka langu na chuo chake kwa pamoja na nafasi imebaki, haya, uzuri huo, ingawa nauli haijui mambo ya vidole na mimi si mtoto wa kudanganywa, lakini nimekiacha pale kidogo. Wifi anasema mwambie tu hapana, atalia siku mbili ataacha. Namwambia wifi yangu, naomba ulete kile kitambaa cha kijivu, kiko chini ya meza. Kile kizito, nilikinunua mwenyewe siku habari ya chuo ilipokuja, kwa furaha, kabla woga haujanifikia, tangu hapo kimelala pale sijakigusa kwa mkasi, wala sijampima, amekuwa akipita mbele yangu kila siku na futi ikining'inia shingoni na sijampima. Wifi ameweka sare chini. Ameinama anakivuta kutoka chini ya meza, kifungo bado kiko mkononi, na chumba cha pili pasi haisogei, nasikia maji yanachemka ndani yake.

“Sindano,” naita, “zima pasi uje nikupime mikono. Huko kuna baridi.”

Sigeuki, Dunia ipo kwenye kioo inazunguka taratibu, nasikia swichi ya ukutani, kisha hatua zake, na mimi nanyoosha futi magotini nawaza mikono ya koti, nitamwachia upindo mpana kwa ndani, bado anarefuka huyu, likizo ya kwanza atakuja niufumue.