Maziwa ya Vumbi

Eliamini, msimamizi wa kiwanda, alisimama mlangoni mwa stoo na ndoo ya maziwa na kikombe cha plastiki. Kila aliyetoka kwenye mashine alipewa kikombe kimoja, na kila mmoja alitakiwa kukimaliza mbele yake.

"Kunyweni nikiwaona," alisema. Kisha, kama kila jioni, akawageuzia mgongo na kutazama barabara ya Holili kana kwamba kuna mgeni anayemsubiri.

Chupa zikatoka chini ya kanga. Salvina alimimina maziwa yake kwenye chupa ya soda, akafunga kifuniko, akaisukumia ndani ya mfuko wa rambo. Mkono uliomimina ulikuwa mweupe mpaka kwenye kiwiko. Nyusi nyeupe, kope nyeupe. Wanawake wote kwenye foleni walikuwa hivyo, na vijana wa bodaboda pale nje waliwaita maharusi.

Kiwanda kilisaga mawe kuwa unga wa kutengenezea rangi za nyumba na vigae vya bafuni. Kazi ya Salvina ilikuwa kushika mdomo wa gunia chini ya bomba. Bomba lilipotema, unga mzito uliingia guniani, ule mwepesi ukabaki hewani, na yeye alikuwa katikati yake, pua na mdomo vimefungwa kwa kipande cha kanga. Akitema mate, yalitoka kama saruji mbichi.

Gunia hilo lilikuwa la Sirili, mume wake. Alilishika mpaka kifua kikakataa. Hospitali walimpa dawa za TB, akazimaliza zote, akazidi kukonda. Sasa alikuwa kijijini Kilema, kwenye kihamba, shamba la migomba la baba yake, na akitoka kwenda kukata mkungu wa ndizi nyuma ya nyumba ilibidi akae chini njiani apumue. Kiwanda kilimwambia mkewe aje ashike pale alipoachia. Bwana Eliudi, mwenye kiwanda, alilisema jambo hilo kama mtu anayetoa sadaka.

"Mumeo hakuwa anakunywa maziwa," alimwambia. "Alikuwa anawapelekea watoto. Mimi nifanye nini na mtu anayekataa dawa?"

Salvina aliamini. Huku milimani mtu akilewa sumu ya kupulizia kahawa, kitu cha kwanza ni kumnywesha maziwa. Hakuna aliyewahi kuuliza kama vumbi nalo linasikia dawa hiyo. Hata hivyo hakuyanywa. Ng'ombe wao aliuzwa Sirili alipougua, na binti yao Aika alikuwa anakonda. Kwa hiyo Salvina alipoanza kukohoa alfajiri, alijilaumu mwenyewe.

Siku moja akaja binti wa ofisi ya usalama kazini, Pamela, amevaa kofia ngumu ya njano na kubeba sanduku la vyombo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Pamela alimfunga kimashine kiunoni, akabana mdomo wa mpira wake kwenye kola, karibu na shingo. "Hiki kinavuta hewa unayovuta wewe. Fanya kazi kama kawaida, usikivue."

"Leo huyu anafagia getini," Eliamini alisema.

"Leo huyu anafanya kazi ya kila siku," Pamela alisema. "Ya getini ukafagie wewe."

Wanawake walicheka ndani ya kanga zao. Jioni Pamela alifungua kile kimashine, akatoa kikaratasi cha duara kilichokuwa ndani na kukiinua kwenye mwanga. Unga ulikuwa umekilalia mzito.

"Mama, hapa mnavuta mawe."

"Tunapewa maziwa," Salvina alisema. Akaona aibu, akaongeza, "Ila tunayapeleka nyumbani. Kosa ni letu."

Pamela alimtazama. "Maziwa yanakwenda tumboni. Vumbi linakwenda kwenye mapafu. Havikutani hata siku moja."

"Mume wangu ameharibika kifua hapahapa. Wameniambia ni kwa sababu hakuyanywa."

"Hata angeyaoga, mama."

Salvina alikaa juu ya gunia. Alifikiria namna alivyomgombeza Sirili kitandani, mgonjwa, kwamba alijitakia mwenyewe. Sirili aligeukia ukutani. Naye pia aliamini ni kosa lake.

"Dawa yake ni feni ya kunyonya vumbi pale bomba linapotema," Pamela alisema, "na barakoa za kweli, siyo kanga. Ni sheria. Nitamwandikia mwenye kiwanda, na nakala itakwenda kwa mkuu wangu."

Wiki iliyofuata Bwana Eliudi aliwaita wote stoo. Alikuja na shati lililopigwa pasi, akasimama upande ambao upepo haukupeleka unga.

"Serikali inataka nifunge feni," alisema. "Sawa. Lakini feni ni gharama na maziwa ni gharama. Siwezi vyote. Nyinyi ni watu wazima, chagueni."

Salvina alisimama. "Bwana Eliudi, maziwa hayatoi vumbi kifuani. Yule binti ametueleza."

"Yule binti analea watoto wako?"

"Mama Aika siku hizi ni daktari," Eliamini alisema. "Mwacheni. Nyumbani kwake ana profesa wa kukohoa."

Watu walicheka. Monica, aliyeshika gunia la pili pembeni ya Salvina, hakucheka. Alikuwa anatazama miguu yake.

"Wanaotaka maziwa," Bwana Eliudi alisema.

Mikono ikapanda, myeupe, mmoja mmoja. Wa mwisho ulikuwa wa Monica.

"Monica," Salvina alisema.

"Mapafu yangu yatasubiri, Mama Aika. Mtoto hasubiri."

"Wanaotaka feni."

Salvina alinyoosha mkono peke yake. "Sheria haipigiwi kura," alisema.

"Hapa inapigiwa," Bwana Eliudi alijibu kwa upole, akaangalia saa yake.

Jioni ile Salvina alimpigia Pamela simu.

"Mama, nilishapeleka," Pamela alisema. "Mkuu wangu anasema kiwanda kimekubaliana na wafanyakazi wake."

"Hatukukubaliana. Tuliwekewa njaa mbele tukaambiwa tuchague."

"Najua."

"Sasa uje uwaambie."

"Wamenihamishia Tabora, mama. Pole sana." Alirudia pole hiyo mpaka Salvina akakata.

Kisha mota ya mashine ikaungua.

Fundi alitoka Arusha, akaifungua, akaiinamisha, na unga ukamwagika kama kutoka kwenye debe. "Vumbi limeiua," alimwambia Bwana Eliudi. "Mota inataka hewa safi. Ukinunua nyingine ukaiweka hivihivi, itakufa vilevile."

"Inahitaji nini?"

Fundi alimweleza. Bwana Eliudi hakuitisha mkutano. Kabla ya Jumapili lori lilikuwa limeshusha mabati, vioo, mabomba na feni kubwa ambayo iliwabidi wanaume wanne kuibeba. Wachomeleaji walifanya kazi mchana kutwa. Monica alimbana Salvina mkono.

"Umeshinda, wewe," alimnong'oneza.

Walijenga chumba cha kioo. Kilikuwa kidogo kama banda la kuku, kimezibwa kila ufa, na ndani yake ilikaa mota mpya, ya bluu, inayong'aa. Feni ilivuta hewa kutoka nje, upande wa migomba, ikaipitisha kwenye kichujio na kuiingizia mota. Hewa iliyokwisha tumika ilitokea kwenye tundu la upande wa pili, palepale kwenye mabomba ya unga. Mashine ilipowashwa, vumbi lililokuwa linatulia likainuliwa lote na kuwarudia wanawake usoni. Monica aliacha mdomo wa gunia akashika ukuta.

Wakati wa chai Eliamini alimletea Salvina kitambaa laini, kipya.

"Wewe si unapenda usafi? Basi utaipangusa mota kila mapumziko." Akatoa barakoa ya kweli, nene, yenye vichujio viwili, iliyokuwa imening'inizwa kwenye msumari. "Uvae hii ukiingia. Bosi hataki uikoholee mota. Ukitoka, uirudishe msumarini."

Salvina aliivaa, akaingia, akafunga mlango wa kioo. Kelele zikapungua. Alipangusa mgongo wa mota, ambao haukuwa na kitu cha kupangusa. Kisha akaishusha barakoa mpaka kidevuni na kuvuta pumzi. Hewa haikuwa na ladha yoyote. Akavuta tena. Kifua kiliuma lakini kilipokea, akavuta tena, mkono umeegemea lile bati la bluu, macho ameyafumba.

Eliamini aligonga kioo.

"Mama Aika, toka humo. Unaimalizia hewa."