Makofi Matatu kwenye Boneti

Karani alikuwa bado ana joto. Hilo ndilo lililomvuruga Baba Pacha kuliko damu, maana damu yenyewe ilikuwa tone tu puani. Alimwinua kwa mikono miwili, akamlaza ndani ya kreti tupu la mikate, kisha akasimama katikati ya ua na kreti lenye paka wa watu kifuani, injini ya gari ikiendelea kunguruma nyuma yake.

Angeweza kuizima kwanza. Hakukumbuka.

Mlango wa chumba cha mwisho ukafunguliwa. Fundi wa cherehani alitoka na gauni la kulalia, tepu ya kupimia ikimning'inia shingoni, kwa kuwa alikuwa na tabia ya kushona mpaka usingizi umkute kwenye kiti. Alilitazama kreti.

"Nani huyo?" aliuliza, na hali ua mzima ulikuwa na paka mmoja tu.

"Dada, pole sana. Sikumwona."

Maneno yalimtoka upesi mno. Hata yeye aliyasikia yalivyotoka upesi.

"Hukumwona?" Fundi alisogea, akaweka kiganja juu ya ubavu wa paka, akakiacha hapo. "Karani huyu, mnene hivi, hukumwona?"

"Kulikuwa na giza."

"Giza gani? Taa ya baraza si hiyo inawaka, Baba Pacha! Inakuwakia wewe hapo ulipo!"

Ni kweli, taa ilikuwa inawaka. Milango mingine ikaanza kufunguka, mmoja baada ya mwingine, watu wakachungulia na nywele zao za usingizini. Fundi alimpokonya kreti, na akiwa amelikumbatia akasema kwa sauti ambayo kila chumba kiliisikia:

"Umemuua makusudi. Nilikusema mbele ya watu, ukaniwekea moyoni. Ungekuja unitukane mimi! Paka wangu alikukosea nini?"

"Haki ya Mungu, dada, ni ajali."

"Usiniite dada."

Basi hakumwita tena. Akapanda gari akaondoka, maana mikate ya watu haijui msiba wa mtu, na njia nzima mpaka kwenye tanuri mikono yake ilikuwa inanuka manyoya.

Sasa, ili tuelewane, lazima nieleze habari ya boneti.

Baba Pacha alikuwa dereva wa mikate. Kila alfajiri alikwenda kupakia, akasambaza madukani, na jioni akarudi na gari, akaliegesha ndani ya ua, limeelekea ukutani. Hilo lilikuwa sharti la tajiri wake: gari lisilale barabarani hata siku moja. Mwenye geti alipewa ufunguo, asiye na geti akatafute kazi nyingine. Ndiyo sababu familia yake ilikaa nyumba ile ya vyumba vibovu na mapaa yanayovuja. Nyumba ilikuwa na geti.

Na makombo ya mikate huleta panya, na panya huleta paka. Karani, ambaye mchana kutwa alikaa dirishani kwa fundi akiwakagua wateja wanaoingia na kutoka, hata wakampa jina hilo, usiku alihamia chini ya gari, nyuma ya gurudumu, mahali pasipofikiwa na upepo. Alikuwa amezeeka. Masikio yalikwisha, na mngurumo wa injini ulikuwa kwake bembelezo tu. Kitu pekee kilichomwamsha ni bati likitetemeka. Kwa hiyo kila alfajiri, kabla ya kugusa ufunguo, Baba Pacha alipiga boneti makofi matatu ya nguvu. Pa, pa, pa. Karani alitoka akijinyoosha, amenuna, akamtazama dereva kwa dharau, akaenda zake.

"Haya bosi, samahani kwa usumbufu," Baba Pacha humwambia.

Hakuna aliyejua kazi ya makofi hayo isipokuwa mkewe. Fundi, aliyelala wakati wenzake wanaamka, alijua kelele tu. Akavumilia, akavumilia, hadi jioni moja uvumilivu ulipomwishia, tena pabaya, mbele ya wapangaji wote waliokuwa wakianua nguo.

"Hivi wewe mtu mzima unapiga bati kila alfajiri una nini? Gari haliwaki mpaka ulizabe vibao? Kama una hasira na tajiri wako kampige yeye!"

Ua mzima ulicheka. Pacha wake nao walicheka, mabinti wadogo wasiojua kitu, na mmoja akaanza kupiga ndoo makofi matatu. Hapo ndipo palipomuuma. Neno moja tu lingetosha: ni kwa ajili ya paka wako. Akalimeza.

"Sawa, fundi," alisema. "Hutasikia tena."

Chumbani mkewe alimwambia, "Si umweleze tu? Ni paka wake."

"Atajijua mwenyewe."

Na akanyamaza na boneti lake. Akawa anainama, anamtafuta Karani kwa macho, anamsukuma kwa mpini wa ufagio. Mtu mwenye kinyongo hachoki upesi, lakini mgongo huchoka, na ikafika asubuhi ambayo hakutaka kuinama.

Siku hiyo ya ajali, wapangaji walikutana uani jua lilipokuwa linapoa. Mwenye nyumba alikuja. Walimwita Bwana Funguo kwa sababu ya mtungo uliokuwa ukimlia kiunoni. Wapangaji wanaokwepa kodi waliushukuru sana kwa kuwapa taarifa mapema. Alikalia kiti cha plastiki, akapangusa kipara, akasema, "Haya. Tumsikilize mwenye msiba."

Fundi alikuwa amevaa vizuri. Macho yamevimba, lakini sauti haikutetemeka.

"Sitaki fidia na sitaki paka mwingine. Nataka gari lile lisilale humu tena. Sitaweza kulisikia kila alfajiri nikalala. Ama litoke gari, ama nitoke mimi, na mimi nimekaa hapa kabla ya wengi wenu."

Watu wakaguna. Wote walijua gari likitoka maana yake nini. Mama Pacha, aliyekuwa amesimama nyuma na watoto wamemshika sketi, alijua kuliko wote: tajiri angetaka ufunguo wake jioni hiyo hiyo, na mumewe angekuwa amemwaga unga.

"Baba Pacha, una neno?" Bwana Funguo akauliza.

"Sikumwona, mzee. Ni hilo tu."

"Muongo," fundi alisema. "Alinichukia kwa kuwa nilimkataza kupiga boneti."

Hapo Mama Pacha akashindwa. Aliwasukuma watoto pembeni, akaja mbele.

"Boneti! Unajua alikuwa anapiga kwa nini? Nisikilize, dada, maana mume wangu ana mdomo mzito na atafukuzwa kazi amenyamaza hivyo hivyo. Alikuwa anamwamsha Karani! Kila siku ya Mungu, kabla ya kuwasha gari, anamwamsha paka wako atoke. Hasikii huyo paka, wewe mwenyewe unajua. Ukaja hapa ukamtukana, ukamfanya achekwe na watoto wake, ukamwambia akome. Akakoma! Sasa nani amemuua?"

"Mama Pacha!" mumewe alisema.

"Niache niseme!"

Mkono wa fundi ulikwenda shingoni kutafuta tepu ambayo siku hiyo haikuwapo.

"Ni kweli?" alimuuliza Baba Pacha. Alimuuliza taratibu kabisa. "Ulikuwa unamgongea Karani?"

Baba Pacha alitazama chini. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na siyo kwa kuwa mkewe alikuwa amedanganya. Kila neno la mkewe lilikuwa kweli.

"Ni kweli," alijibu.

Mambo yakaishia hapo. Bwana Funguo akasema ajali ni ajali, gari libaki. Watu wakaja kumpiga Baba Pacha mabegani, pole bwana, kumbe una moyo hivyo, na sisi tulikuwa tunakucheka. Fundi alikuwa amekwisha ingia ndani. Hakufunga mlango kwa kishindo. Aliurudisha polepole, na chumba chake hakikutoa sauti ya cherehani jioni hiyo wala iliyofuata.

"Tumeshinda," Mama Pacha alisema wakati wa kula, lakini hata yeye hakulisema kwa raha. Baadaye akaongeza, "Labda nilimtolea maneno makali."

Mumewe alikuwa anageuza chakula kwenye sahani.

"Mbona huli?"

"Nimeshiba."

Ameshiba nini? Aibu, hiyo ndiyo aliyoshiba. Kwa sababu nusu moja ya habari mkewe hakuijua. Asubuhi ile aliuona mkia. Ulikuwa umetokeza nyuma ya gurudumu, chini ya taa ile ile ya baraza, na ncha yake ilikuwa inachezacheza, paka akiota ndoto zake. Aliuona vizuri. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya boneti, akauondoa. Alijiambia, nimekatazwa kupiga, sipigi. Ufagio ulikuwa hatua chache tu, akajiambia, mimi si mtumishi wa paka. Akajiambia atatoka mwenyewe, gari likianza kusogea atatoka. Akatia rivasi.

Hakutaka paka afe, wallahi hakutaka. Alitaka astuke tu, apige kelele, fundi aamke na moyo umempasuka, ajue makofi yale yalikuwa na kazi gani. Lakini ukiondoa hayo yote, kinachobaki ni mtu aliyeuona mkia akarudi nyuma.

Jioni ya tatu mlango wao ulibishwa. Fundi alisimama nje na kitu kilichokunjwa mkononi.

"Sikai," alisema. "Nimekuja kwa Baba Pacha."

Alikikunjua. Lilikuwa kava la kiti cha gari, limeshonwa kwa kitambaa kizito cha buluu, pindo limepigwa mara mbili, kamba za kufungia zimepangwa sawasawa. Alikuwa amekipima kiti kwa macho tu, kupitia kioo, jioni gari lilipokuwa uani.

"Kiti chako kimechanika, nimekuwa nikikiona siku nyingi. Ndani nimeweka lile godoro dogo la Karani la dirishani, nimelifua. Sponji yake nzuri bado." Akameza mate. "Nilikuita muuaji mbele ya watoto wako. Wewe ulikuwa unamtunza kuliko mimi. Nisamehe, kaka yangu."

Mama Pacha alianza kulia pale pale. Akamkumbatia, dada nisamehe na mimi, mdomo wangu huu. Wakashikana, wakacheka kidogo katikati ya machozi. Baba Pacha alisimama na kava mikononi. Sasa, alijiambia. Sema sasa. Akasema:

"Ahsante, fundi. Limetoka zuri."

Alfajiri alilifunga kitini. Lilikaa barabara, hata inchi haikupungua. Akakaa. Kitu laini kilimpokea, kilichokuwa na umbo la mwili mdogo uliolala hapo miaka, bonde kidogo katikati. Alikaa kwa muda ambao ungetosha kufika kona ya barabara. Kisha akashuka, akalifungua kava kamba moja moja, akalikunja, akavuka ua.

Alibisha mara tatu. Pa, pa, pa. Alipobisha tu akajuta, mkono ulikuwa umekwenda wenyewe.

Fundi alifungua. Alimtazama, akatazama kava.

"Limebana?"

"Niliuona mkia," Baba Pacha alisema.

Fundi aliushika mlango.

"Siku ile. Nilimwona. Mkia ulikuwa nje, unachezacheza. Nilimwona kabla sijawasha gari."

Sasa alikuwa amesema, na neno halikuwa jepesi kama alivyodhani lingekuwa. Lilisimama katikati yao mlangoni. Nyuma ya fundi, cherehani lilikuwa limefunikwa shuka, na dirishani palikuwa na vipande vya kitambaa ambavyo hakuna paka aliyekuwa amevilalia.

"Mbona hukugonga?" fundi aliuliza hatimaye.

"Ulinikataza."

"Hilo najua. Nakuuliza mbona hukugonga."

Alilibana kava kifuani.

"Nilitaka uone," alisema.

Fundi aliitikia kwa kichwa taratibu, mara kadhaa, mfano wa mtu anayehakiki kipimo.

"Basi nimeona," alisema.

Baba Pacha alimnyoshea kava. Fundi hakulipokea. Akaurudisha mlango, polepole vile vile, na kufuli halikusikika. Baba Pacha alibaki na kitu kile mikononi, hajui akiweke kizingitini au aondoke nacho. Akaondoka nacho. Akakirudisha kitini, kwa kuwa kukiacha chini kwenye vumbi lilikuwa jambo ambalo hakuweza kulifanya.

Kisha akaenda mbele ya gari. Akapiga boneti. Alianza kwa kofi dogo la woga, halafu la pili, halafu la tatu kwa nguvu zote, mpaka bati likalia na mbwa wa mtaa wa pili akajibu. Akapiga magoti. Akachungulia gurudumu la mbele, akatambaa, akachungulia la nyuma. Palikuwa na doa la oili na makombo.

Alipoinua kichwa, pazia la chumba cha mwisho lilikuwa limesogezwa. Fundi alikuwa amekaa dirishani, mahali pa Karani, mikono juu ya kingo, anamtazama. Hakuondoka. Baba Pacha alipangusa magoti, akashika mpini wa mlango wa gari, akauachia. Akazunguka upande wa pili, akainama tena.