Diski Iliyotoka Embu

Saa kumi na mbili na dakika nane asubuhi, vali ya bloku ya tisa ilikuwa bado imefungwa. Fundi Karwirwa aliweka kiganja juu ya bomba akatulia. Hapakuwa na mtetemo. Vali hiyo ilipaswa kujifungua yenyewe alfajiri, bila mtu kuigusa, kama zilivyofanya vali zote tangu mradi wa maji wa Mitunguu ulipoacha kutegemea watu na kuanza kutegemea mashine.

Celina alikuwa amesimama ng'ambo ya ua, jembe begani. Nyuma yake kulikuwa na miche yake ya ndizi kutoka maabara, aliyoipanda juzi, majani yake mepesi kama karatasi.

"Karwirwa, maji ni leo ama si leo?"

"Sijajua bado, mama."

"Hii jua ya huku unaijua. Leo zitavumilia, kesho labda. Kesho kutwa nitakuwa nang'oa kuni."

Karwirwa hakumwambia asijali, kwa kuwa hakuwa na la uhakika la kumpa. Alienda kwenye nyumba ya pampu.

Mashine yenyewe ilikuwa kompyuta ndogo isiyo na skrini, iliyofungiwa ukutani ndani ya sanduku la chuma, ikiendeshwa na mfumo wa Linux wa miaka kadhaa iliyopita. Kazi yake ilikuwa kugawa maji kwa bloku kumi na mbili za mashamba, nusu ya mchana kila moja, na kuandika kwenye diski kila bloku imepata kiasi gani. Wakulima waliikubali baada ya msimu mzima wa kushikana mashati juu ya zamu, kwa sababu moja tu: mashine haina shamba. Wiki iliyopita pampu iliharibika mara mbili na zamu zikasogea vipande vipande. Celina aliamini leo ni yake, na Karwirwa naye aliamini hivyo, lakini hakuna aliyeweza kuapa. Aliyejua kwa hakika ni diski.

Aliunganisha skrini. Umeme ulikuwa umekatika usiku, betri ya akiba ikaishiwa nguvu, na mashine ikazimika katikati ya kuandika. Ilipowaka tena ilishindwa kuifungua diski ya kumbukumbu. Hilo halikumshtua. Ipo programu ya kazi hiyo, fsck, ambayo hupita ndani ya mfumo wa faili, ikatafuta palipovunjika na kupaunga. Aliiita. Ikamjibu kwamba diski hii ina kipengele isichokitambua, na kwamba atafute toleo jipya zaidi la programu.

Aliyasoma majibu hayo tena. Programu haikuwa imesema diski imeoza. Ilikuwa imesema kwamba yenyewe ni ya zamani mno kuikagua.

Alimpigia Runji, mhandisi mkuu, aliyekuwa ofisini Embu.

"Fomati," alisema Runji kabla hajamaliza maelezo. "Fomati ukitumia vifaa viko kwa hiyo mashine. Hivyo vya zamani havijawahi kutuangusha."

"Vimekataa kuisoma diski, injinia."

"Vimekataa kukagua. Kufomati havijakataa."

"Nikifomati, hesabu ya zamu inapotea. Mashine itaanza upya na bloku ya kwanza. Ya tisa itangoja siku nne."

"Itangoja. Siku nne si mwaka."

"Kuna mtu amepanda miche juzi."

"Karwirwa, saa sita nataka hiyo mashine inafanya kazi. Na usiniletee stori ya kuweka mfumo mpya. Gachoka ilitosha."

Gachoka ilikuwa hoja ya Runji kwa kila jambo. Mwaka jana Munene, fundi mwenzake Karwirwa wa upande wa Embu, aliibadilisha mashine ya Gachoka yote ikawa na mfumo wa kisasa. Programu inayoendesha vali, iliyoandikwa kwa ajili ya mfumo wa zamani, ikakataa kuamka, na watu wakachota maji kwa punda mpaka Munene aliporudisha kila kitu kilivyokuwa. Tangu siku hiyo Runji alipiga marufuku kusasisha chochote, hata laptopu za mafundi. Karwirwa aliiona marufuku hiyo kuwa ya haki kwa vali. Kwa vitu vingine ilikuwa woga uliovishwa tai.

Munene alipokea simu akiwa bado nyumbani kwake, mtaa wa Majimbo mjini Embu. Kijiko kilisikika kikigonga kikombe.

"Si nilisema hizo mashine ni za makumbusho? Sasisha mfumo wote, maneno kwisha."

"Kama Gachoka?"

"Sasa hayo ni matusi, dada."

"Hii diski uliyoniletea Januari, uliiandaa kwa mashine gani?"

"Kwa laptopu yangu."

"Ile mpya uliyojinunulia?"

"Eeh. Kwani? Diski ni diski."

Karwirwa alifumba macho. Hapo ndipo kosa lilipokuwa, na lilikuwa la Runji na Munene wote wawili bila hata mmoja wao kulijua. Runji alizuia programu mpya zisiingie shambani, lakini hakuzuia diski, kwa sababu kwake diski ilikuwa debe tupu. Munene naye aliona vilevile. Kumbe laptopu mpya, inapoandaa diski, huweka ndani yake vipengele vya kisasa bila kuuliza. Mashine ya zamani iliweza kuandika na kusoma humo kwa miezi, maana vipengele hivyo havikuizuia. Kila ilipowashwa ilitoa onyo kwamba haiwezi kuikagua diski, ikaendelea na kazi, na kwa kuwa haina skrini hakuna aliyeliona. Siku ya kwanza ukaguzi ulipohitajika kweli, ukashindikana.

"Nahitaji fsck mpya tu," alisema. "Si mfumo mpya. Programu moja, iketi pembeni ya ile ya zamani."

"Nakutumia yangu sasa hivi," alisema Munene.

Karwirwa alichomoa diski, akaiunganisha kwenye laptopu yake, akaanza kuinakili yote kabla ya kuigusa. Nakala ilikuwa bado inaendelea Bundi alipoingia. Bundi alikuwa mwenyekiti wa mradi, mwenye funguo za kufuli za vali, na shamba lake lilikuwa kwenye bloku ya kwanza.

"Nasikia tunaanza upya," alisema.

"Umesikia kwa nani, mzee?"

"Injinia mwenyewe amenipigia. Na ni sawa. Kama mashine haijui ni zamu ya nani, tuanze na moja. Hata watoto wa nasari wanaanza na moja."

"Na moja ni yako," alisema Celina, aliyekuwa amemfuata mpaka mlangoni.

"Sikuichagua, mama. Niligawiwa."

"Hujawahi pia kuilalamikia," alijibu Celina.

"Basi nifungulie kwa mkono," Celina aliendelea, akimwelekea Bundi. "Funguo si unazo?"

"Nikufungulie wewe leo, kesho nifungulie nani? Ndiyo hiyo tulikataa. Nionyeshe mahali imeandikwa ni yako, nifungue saa hii." Alimgeukia Karwirwa. "Na wewe msichana wa kompyuta, unanakili nini kitu imekufa? Unapiga picha ya maiti?"

"Haijafa, mzee. Haijapimwa."

Programu ya Munene iliwasili. Karwirwa aliiita, nayo ikakataa hata kuanza: ilitaka maktaba, yaani faili saidizi, za mfumo mpya ambazo laptopu yake, kwa amri ya Runji, haikuwa nazo. Alikaa akiitazama skrini. Cha zamani kilikuwepo na hakikujua. Kipya kilijua, ila hakikuwa na pa kusimama.

"Imekataa?" aliuliza Bundi, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama chai iko tayari.

"Imekataa."

"Mimi nangoja saa sita. Sina haraka."

Ilibaki njia ya tatu: achukue msimbo wa programu hiyo mpya, ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuuchukua, aijenge mwenyewe juu ya laptopu yake ya zamani. Faili lilikuwa dogo. Netiwaki ya Mitunguu ilikuwa ndogo zaidi. Alipanda ngazi ya tangi la maji akiwa ameinua simu, akangoja, na faili likakatika likikaribia kuisha. Alianza tena. Likakatika tena. Runji akapiga simu katikati ya jaribio la tatu, na simu hiyo yenyewe ikalikata.

"Umefomati?"

"La, injinia."

"Unangoja nini?"

"Nilikuwa nangoja faili. Umelikata wewe."

"Usinijibu hivyo. Saa sita."

Karwirwa aliweka simu isipokee mtu yeyote. Safari ya nne faili lilishuka lote. Alishuka nalo, akaanza kuijenga programu. Mistari ilikimbia kwenye skrini, Celina akiifuata kwa macho kama mtu anayesoma, na mwishoni programu mpya ikawa tayari ndani ya folda yake peke yake, bila kuigusa ile ya zamani.

Kwanza aliijaribu kwenye nakala. Ilipita, ikakuta maandishi yaliyokatika katikati, ikayaunga, ikamaliza. Ndipo akairudia kazi ileile kwenye diski yenyewe. Ikakubali.

"Imepona?" Celina aliuliza.

"Bado, mama."

Angeweza kuishia hapo. Lakini umeme ungekatika tena, na mashine ya ukutani ingekuwa bado na fsck ileile isiyoitambua diski ileile. Alitumia chombo kingine kutoka folda hiyohiyo kukiondoa kwenye diski kile kipengele cha kisasa, kimoja tu, kilichozua ugomvi wote. Kisha akairudisha diski kwenye mashine ya ukutani na kuiita fsck ya zamani.

Ilipitia diski nzima bila kulalamika. Ikaandika kwamba ni safi.

Aliiwasha mashine. Taa ya kijani iliwaka. Kwenye skrini ikatokea orodha ya zamu, na Bundi akasogea, akavaa miwani, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Bloku ya nane imemaliza jana jioni," alisoma polepole. "Inayofuata, tisa." Aliacha kidole pale. "Na hii ya chini?"

"Bloku ya tisa inadai pia saa mbili za siku ile pampu ilikufa. Itapewa kwanza."

"Kumbe hata mimi nadai dakika arobaini."

"Zimo pia, mzee. Utazipata zamu yako ikifika."

Bundi alivua miwani. "Sasa hizo arobaini," alisema, "zisipotee tena kwa hiyo diski yako ya Embu." Akatoka.

Simu ilipofunguliwa, ujumbe wa Runji ulikuwa unangoja, uliotumwa dakika chache tu kabla. Mashine yake ya Embu ilikuwa imeona ya Mitunguu imerudi, na ripoti aliyoipata ilionyesha jambo moja: diski imekaguliwa na fsck ya zamani, ikapita. *Vizuri. Si nilikwambia vifaa vya zamani havijawahi kutuangusha. Nimeandika hivyo kwenye ripoti ya mwezi.*

Karwirwa alianza kumwandikia jibu. Aliandika mistari mitano, akaifuta mitatu, akaifuta miwili iliyobaki. Badala yake alimwandikia Munene: *Usiandae diski nyingine kwa laptopu yako kabla hatujaongea.* Munene akajibu kwa alama ya kidole gumba.

Nje, sauti ya Celina ilisikika ikiita kutoka mwisho wa shamba. Karwirwa alitoka, akaenda hadi kwenye bomba la bloku ya tisa, akaliwekea kiganja. Lilikuwa linatetemeka. Saa tano na dakika thelathini na sita maji yalifika kwenye mstari wa kwanza wa miche.